Wenye Mashamba wa Pwani na Watoto wa Masuria

Mwezi wa Oktoba, mwaka 1856, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alifariki baharini akiwa njiani kurudi Unguja kutoka Maskati. Aliacha watoto 36 walio hai, wanaume kwa wanawake. Alikuwa na mke wa ndoa, Bibi Azza binti Sef, mwanamke wa ukoo wa kifalme aliyeheshimiwa na kuogopwa na kila mtu jumbani, lakini bibi huyo hakumwachia mtoto. Watoto wote 36 walizaliwa na masuria, yaani wajakazi ambao bwana wao aliwatwaa kuwa wanawake wake wa nyumbani. Thuwaini aliyetawala Omani baada ya baba yake, na Majid, Barghash, Khalifa na Ali waliofuatana katika kiti cha Unguja, wote walikuwa wana wa wanawake walionunuliwa kwa fedha.

Mwanafunzi aliyesoma habari za utumwa wa Marekani atashangaa kusikia hayo. Huko kusini mwa Marekani, kabla ya vita vya mwaka 1861, mwana wa mjakazi hakuweza kurithi hata jembe la baba yake, sembuse ufalme. Mtoto huyo alikuwa mtumwa, na baba yake ndiye bwana wake. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki mtoto wa namna ile ile aliweza kuwa Sultani. Tofauti hii ni kubwa, na watu wengi wameitumia kuwa hoja ya kusema kwamba utumwa wa Pwani ulikuwa mpole. Nia yangu ni kuipima hoja hiyo, maana ndani yake mna kweli, na mna jambo jingine lililofichwa na kweli hiyo.

Yafaa kwanza tujue utajiri wa jamaa hizo ulitoka wapi. Karafuu si mmea wa asili wa Unguja. Ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, ikapandwa Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said aliona faida yake, akawahimiza Waarabu wenzake waipande, na kwa muda wa miaka thelathini hivi bei ikawa nzuri na ardhi ya magharibi ya Unguja ikajaa mikarafuu. Wenyeji waliokuwa wakilima huko walisukumwa pole pole kuelekea upande wa mawe na vichaka. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba haikudhurika sana, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Huku bara ya Kenya, Malindi iliyokuwa magofu tangu zamani ilifufuliwa kwa amri ya wafalme wa Unguja, na kufikia miaka ya 1870 mashamba yake ya mtama na ufuta yalikuwa yakipeleka majahazi hata Arabuni. Wamazrui nao, waliotolewa Mombasa mwaka 1837, walikuwa wamejijenga upya Takaungu na Gazi, wakilima nafaka kwa mikono ya watumwa.

Mikono hiyo ilitoka mbali. Katika miaka ya 1860 watu kati ya 15,000 na 20,000 walipitishwa kila mwaka katika forodha ya Unguja, wengi wao wametoka nchi za karibu na Ziwa Nyasa. Shambani waligawiwa ngwe zao za kulima, chini ya msimamizi, ambaye mara nyingi alikuwa mwungwana, na chini yake nokoa na kadamu, ambao wenyewe walikuwa watumwa. Kwa desturi ya Unguja na Pemba siku mbili katika juma, Alhamisi na Ijumaa, zilikuwa za mtumwa mwenyewe kulima kiwanja chake. Wale waliokaa mjini walikodishwa kwa kazi za bandarini na ujenzi, wakipewa karatasi ndogo ya kuonyesha siku walizofanya kazi, na ujira wao wakaugawana na bwana. Karatasi ile iliitwa kibarua. Leo vijana wanaokata miwa Awendo huitwa vibarua, na sidhani wengi wao wajua kwamba jina hilo lilianza na mtumwa wa kukodishwa.

Sasa turudi nyumbani mwa mwenye shamba. Sharia ya Kiislamu ilimruhusu mwanamume kuwa na wake wanne wa ndoa, na zaidi ya hao masuria kadiri alivyoweza kuwanunua na kuwalisha. Suria akizaa, na bwana akakiri kwamba mtoto ni wake, mtoto yule alikuwa mwungwana tangu kuzaliwa. Alichukua jina la ukoo wa baba yake. Alirithi sawasawa na watoto wa mke wa ndoa, mwana akipata mafungu mawili na binti fungu moja. Mama yake naye alipata cheo kipya: hakuweza tena kuuzwa, na bwana akifa, alikuwa huru. Waomani wa madhehebu ya Ibadhi na Waswahili wengi wa madhehebu ya Shafi walihitilafiana katika baadhi ya maelezo, lakini shina la sharia lilikuwa hilo.

Sisi tunaokaa kando ya ziwa, Migori na Homa Bay, hatuoni ajabu kwamba mtoto afuate ukoo wa baba. Ng'ombe wakiisha kutolewa, mtoto ni wa ukoo wa mume, na hakuna anayeuliza mama yake alitoka kijiji gani. Walakini hata huku tunalo neno kimirwa, na kila kijana wa Kijaluo ajua jinsi neno hilo linavyoweza kumchoma mtu penye ugomvi wa ardhi, ingawa alilelewa katika boma lile tangu utotoni. Basi asiwaze mtu kwamba sharia ikisema watoto ni sawa, watu nao huwaona sawa.

Ushahidi mzuri kuliko wote kuhusu maisha ya nyumba hizo aliutoa binti mmoja wa Seyyid Said mwenyewe. Seyyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa sababu ya mapenzi yake na mfanyi biashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akabatizwa, akaolewa naye, akaitwa Emily. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya gari la reli ya mjini Hamburg, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugenini. Mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake. Ni kitabu cha mtu mwenye macho makali, naye aliandika mambo ambayo mgeni asingaliweza kuyaona.

Mama yake aliitwa Jilfidan, naye alikuwa Mcherkesi, yaani mtu wa milima ya Kaukasi iliyo kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Salme anaeleza kwamba baba wa Jilfidan alikuwa mkulima mwenye watoto watatu. Vita vilipoingia nchini, jamaa ile ilijificha chini ya ardhi. Wanyang'anyi wakaigundua, wakawaua baba na mama, na wapanda farasi watatu wakawachukua watoto, kila mmoja mtoto wake. Kaka alipotea upesi. Hata usiku Jilfidan aliendelea kusikia kilio cha mdogo wake akimwita mama; kisha kilio nacho kikanyamaza, na hakusikia habari zao tena maisha yake yote. Alipofika katika nyumba ya Seyyid Said alikuwa na umri wa miaka saba au minane, maana jino lake la kwanza lilimtoka akiwa huko. Alilelewa pamoja na mabinti wa Sultani, akajifunza kusoma, na alipokua akawa suria wa yule aliyemnunua.

Msomaji na asimame hapa kidogo. Mtoto aliyechukuliwa katika maiti za wazazi wake akalelewa katika nyumba ya kifalme, akavaa hariri, akawa na watumwa wa kumtumikia, akamzaa binti aliyeitwa Seyyida. Kwa mizani ya dunia hiyo alifanikiwa kupita maelfu ya wanawake. Je, kuna siku aliyoulizwa kama alitaka? Katika kurasa zote za binti yake, ambaye alimpenda mama yake sana, swali hilo haliulizwi. Salme hakuona kwamba lipo.

Tena jumba lile halikuwa na amani kama linavyodhaniwa. Masuria wa Kicherkesi walijiona bora kuliko masuria wa Kihabeshi, na watoto walirithi majivuno na kinyongo cha mama zao. Salme anasimulia kwamba yeye na wenzake waliozaliwa na Wacherkesi waliitwa paka na ndugu zao weusi zaidi, kwa kuwa baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Majid mama yake alikuwa Mcherkesi. Barghash mama yake alikuwa Mhabeshi. Mwaka 1859 Barghash alipojaribu kumpindua Majid, Salme, kijana wa miaka 15 tu, alikuwa katibu wa waasi, akiandika barua zao. Barghash alishindwa, akapelekwa Bombay, na hakuketi kitini mpaka mwaka 1870. Siwezi kusema vita vile vilikuwa vya mama na mama, maana fedha za wenye mashamba wa Kiharthi na hila za Waingereza na Wafaransa zilikuwamo pia. Salme mwenyewe alimwasi Majid aliyekuwa wa upande wa mama yake. Lakini sisi tulio katika nyumba za wake wengi hatuhitaji kufundishwa jinsi ugomvi wa jikoni unavyokua na kuwa ugomvi wa boma zima.

Na bado hatujatoka katika jumba la mfalme. Wacherkesi walikuwa wa ghali, na walikuwa wachache. Katika nyumba za wenye mashamba wa kawaida wa Pemba, Malindi na Takaungu, suria alikuwa mwanamke wa Kiyao, wa Kinyasa, wa Kizigua au wa Kimijikenda, aliyeletwa kwa njia ile ile iliyowaleta wapalilia mikarafuu. Kwa hiyo baada ya vizazi viwili au vitatu, Mwarabu wa Pwani alikuwa mtu mwenye jina la Omani, mwenye lugha ya Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha aliyonyonyeshwa nayo, na mwenye uso wa Mwafrika. Wala tusidhani kwamba kuchanganyika kote kwa Pwani kulitokana na utumwa. Wataalamu waliochunguza mifupa ya watu waliozikwa zamani Mtwapa, Manda, Kilwa na miji mingine walitangaza mwaka 2023 kwamba Waafrika na watu wa Uajemi walianza kuzaliana katika miji hiyo yapata miaka elfu moja iliyopita, baba wakiwa hasa wa ng'ambo na mama wa Kiafrika. Mambo ya karne ya 19 yalikuja juu ya msingi wa kale, ila safari hii mama alikuja amefungwa kamba.

Sasa tutazame upande wa pili wa bahari. Katika Virginia, koloni la Waingereza, baraza lilitunga sheria mwaka 1662 kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, baba awe nani. Sheria hiyo ilienea kusini kote. Matokeo yake ni rahisi kuyahesabu. Kila mtoto ambaye bwana alimzaa na mjakazi wake aliongeza mali ya bwana. Mfano unaojulikana sana ni wa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, mtu aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mjakazi wake Sally Hemings alikuwa binti wa John Wayles, baba mkwe wake Jefferson. Yaani alikuwa ndugu kwa baba wa marehemu mke wake. Madison Hemings, mwana wa Sally, alieleza katika gazeti la Ohio mwaka 1873 kwamba yeye na nduguze walikuwa watoto wa Jefferson. Wazungu wengi walikana habari hiyo kwa zaidi ya miaka mia, mpaka uchunguzi wa damu wa mwaka 1998 ulipoonyesha kwamba kizazi cha Eston Hemings, mdogo wake Madison, kilitokana na mwanamume wa ukoo wa Jefferson. Leo wanahistoria wengi wanakubali maneno ya Madison.

Madison na Eston waliachwa huru kwa wasia wa Jefferson mwaka 1826. Walipewa uhuru tu, bila jina. Kama wangalizaliwa Mtoni, wangaliitwa wana wa mtawala, na wangaligawana urithi na dada yao wa ndoa. (Kweli, Jefferson alikufa na madeni makubwa, na huenda wangaligawana madeni.)

Hapo ndipo wale wanaousifu utumwa wa Pwani wanapofungia hoja yao. Salme mwenyewe aliandika kwamba Wazungu wasiulinganishe utumwa wa Mashariki na ule wa Marekani. Lakini mimi naona hesabu haijaisha, na nawaomba wanafunzi waifuate pamoja nami hatua kwa hatua.

Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo tangu mwaka 1808. Walakini mwaka 1860 watumwa wake walikuwa karibu milioni nne, maana watoto wa watumwa walikuwa watumwa, na wajukuu vivyo hivyo. Shamba la Marekani lilijizalia watumwa wake lenyewe. Unguja na Malindi mambo yalikuwa kinyume. Watoto wa masuria walihesabiwa waungwana. Watumwa wengine waliachwa huru na mabwana waliotaka thawabu, hasa wakati wa kufa. Wengine walitoroka, wakajenga vijiji vyao vya watoro bara ya Malindi, kama Makongeni na Fuladoyo. Tena maradhi yaliua wengi na watoto waliozaliwa shambani walikuwa wachache. Basi idadi ya watumwa ilipungua daima, na karafuu hazikungoja. Pengo liliweza kuzibwa kwa njia moja tu: mateka wapya kutoka bara, kila mwaka. Ule upole wa sharia nyumbani mwa bwana ulilipwa na vijiji vya Nyasa vilivyochomwa moto. Mtoto mmoja alipotoka utumwani kwa mlango wa mbele, mwingine aliingizwa kwa mlango wa nyuma, naye hakujuana na yule wa kwanza.

Sisemi kwamba sharia ile haikuwa na maana. Kwa mtoto aliyezaliwa chini yake ilikuwa na maana kubwa mno, na Eston Hemings angaliitamani. Nasema kwamba haikuwa njia ya kumaliza utumwa. Tena ilitegemea neno moja la bwana. Asipokiri, mtoto alibaki kuwa mzalia, mtumwa aliyezaliwa nyumbani, na mama hakuwa na pa kushitaki. Na ilifanya kazi upande mmoja tu, maana mwanamke mwungwana hakuruhusiwa kumtwaa mtumwa wake wa kiume kwa namna hiyo hiyo. Damu iliteremka kutoka kwa baba. Mama alikuwa njia ya kupitia.

Jambo hili lilionekana wazi siku utumwa ulipoanza kufutwa. Tarehe 6 Aprili, mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Muhammed, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri kwamba mahakama za Unguja na Pemba zisiutambue tena utumwa. Mtumwa aliyetaka uhuru aliweza kwenda mbele ya mahakama ya wilaya na kuuomba, na bwana wake akalipwa fidia. Watu wa aina moja walitengwa katika amri hiyo, nao ni masuria. Amri ilisema wahesabiwe kama wake wa ndoa, na wasipewe uhuru kwa kuuomba tu, ila wathibitishe kwamba wametendewa ukatili. Sir Arthur Hardinge, balozi wa Uingereza, aliutetea mpango huo, akihofu kwamba kuwafungua masuria kungevunja nyumba za watu na kuwapeleka wanawake katika umalaya. Wamisionari walipinga, wakiwamo Waquaker walioanza kazi Pemba wakati huo. Ilichukua miaka 12, hata mwaka 1909, suria kupata haki aliyokuwa nayo mpagazi na mpalilia karafuu.

Yaangalieni maneno hayo, kama wake wa ndoa. Mke wa ndoa alikuwa na mahari, na walii, na nyumba ya kwao ya kurudi akiudhiwa. Suria hakuwa na hata kimoja katika hivyo. Alilinganishwa na mke siku ile tu ambapo kulinganishwa huko kulimfungia mlango. Hardinge alikuwa mtu wa Ulaya aliyejivunia kuwa mkomeshaji wa utumwa, na Waarabu wenye mashamba walikuwa wapinzani wake. Lakini kwa habari ya mwanamke huyu walipatana bila shida.

Huku kwetu Kenya, katika ukanda wa Pwani wa maili kumi uliokuwa chini ya bendera ya Sultani, utumwa ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1907. Kabla ya hapo njia ya uhuru ilikuwa kukimbia. Wengi walikwenda kwa wamisionari wa Rabai, hata siku ya kwanza ya mwaka 1889 Kampuni ya Waingereza ikawakomboa watoro zaidi ya 1,400 kwa mkupuo mmoja kwa kuwalipa mabwana zao. Kisha, mwaka mmoja tu baada ya sheria ya 1907, ilikuja sheria nyingine ambayo vitabu vya shule huipita upesi, nami naiona kuwa nzito kuliko ile ya kwanza. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi katika ukanda ule walete ushahidi, waandikishwe, wapewe hati. Mwenye shamba alikuwa na karatasi za kadhi, mashahidi na fedha za wakili. Aliyekuwa mtumwa wake alikuwa na jembe. Hivyo mwana wa bwana na suria, akiwa na jina la baba, aliandikwa mwenye shamba. Na mwana wa mtwana na mjakazi, aliyelima shamba lile lile na pengine babu zao wa kikeni walitoka kijiji kimoja, akawa skwota. Wamijikenda nao walikutwa na msiba huo huo. Habari za maskwota wa Kilifi na Malindi, ambazo zimesikika Bungeni tangu uhuru wa mwaka 1963 hadi siku zetu, mizizi yake imo katika hati zile.

Tazameni jinsi baba mmoja alivyoweza kugawanya watu wa shina moja. Suala la rangi halikuwa na nguvu hapo kama suala la jina. Huko Marekani tone moja la damu ya Kiafrika lilitosha kumfanya mtu awe mweusi. Hapa tone moja la damu ya Kiarabu, likipita kwa baba, lilitosha kumfanya mtu awe Mwarabu. Kwa watu wasio na jina hilo kulibaki kutafuta jina jingine. Katika hesabu ya watu ya Unguja ya mwaka 1924 maelfu ya watu, wengi wao wa asili ya utumwa, walijiandikisha kuwa Waswahili. Katika hesabu ya mwaka 1931 jina hilo lilikuwa karibu kutoweka, na watu wale wale wakawa Washirazi, Wahadimu na kadhalika. Hawakudanganya kuliko walivyodanganya wengine. Neno Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa, nao walilivua kama mtu anavyovua nguo yenye doa. Ndivyo pia neno uungwana, ambalo leo twalitumia kwa maana ya adabu njema, hapo zamani lilivyokuwa na maana ya kutokuwa mtumwa. Asiye mwungwana hakuwa mtu mkorofi, alikuwa mtu aliyenunuliwa.

Wanafunzi wa huku wasicheke. Neno jadak, yaani mtu aliyekaribishwa kukaa katika ardhi ya ukoo mwingine, bado lina makali Ndhiwa na Rongo na kwingineko, hata kwa watu ambao babu wa babu zao walikaribishwa. Sheria ya nchi hailijui neno hilo. Linaishi vinywani, nalo hutolewa penye mpaka wa shamba na penye uchaguzi.

Ubaya wa majina ulifikia kilele chake Unguja. Vyama vya siasa vya miaka ya 1950 viliwaita watu kwa majina hayo, huyu Mwarabu, huyu Mshirazi, huyu Mwafrika wa bara, na habari za utumwa zikahubiriwa majukwaani na watu ambao wengi wao hawakuuona. Tarehe 12 Januari, mwaka 1964, mapinduzi yalitokea, na siku zilizofuata maelfu ya watu walioitwa Waarabu waliuawa au walikimbia. Waliouawa hawakuwa wote matajiri wa karafuu. Wengi walikuwa wenye maduka madogo na wakulima wa mashamba. Na katika hao ni wengi mno ambao bibi zao, au mama wa bibi zao, waliletwa visiwani kwa majahazi, wakiwa mateka. Yule aliyeshika panga na yule aliyekimbia waliweza kuwa wajukuu wa wanawake wawili waliofungwa katika mnyororo mmoja, mmoja akapelekwa shambani na mwingine akaitwa ndani.

Watoto wa Salme walikulia Ujerumani. Mwanawe, Rudolph Said-Ruete, aliandika maisha ya babu yake Seyyid Said, kikachapishwa London mwaka 1929. Kwake yeye babu aliyestahili kitabu alikuwa huyo. Nasaba za nyumba kubwa za Pwani zilitunzwa kwa uangalifu sana, baba juu ya baba, hata kufika Omani. Majina ya akina mama waliokuwa masuria ni nadra kuyakuta humo; penye jina la mama huandikwa tu kwamba alikuwa suria, na pengine taifa lake, Mhabeshi au Mcherkesi. Jina la Jilfidan twalijua kwa sababu binti yake alitoroka, akajifunza Kijerumani, akaliandika.